Nijinsky: msimu wa 1970, mbio mbili alizoshindwa, na kizazi alichokiacha Kentucky

Msomaji wetu wa Nairobi, ambaye anasema hakosi kufika uwanja wa Ngong kunapokuwa na mbio za farasi, ameniandikia hivi: "Nimesoma kwamba Nijinsky ndiye farasi wa mwisho kushinda mbio zote tatu kuu za Uingereza katika msimu mmoja, mwaka 1970, na kwamba msimu huo huo haukuisha kabla hajashindwa mara mbili. Je, ni kweli kwamba St Leger ndizo zilizomvunja? Alipopelekwa kuzalisha, alizirudisha fedha zilizotolewa juu yake? Na kwa nini hajatokea mwingine tangu wakati huo?"

Nashukuru kwa maswali haya, kwa sababu yamefungamana kuliko yanavyoonekana. Kwa ufupi, St Leger zilimmaliza nguvu, lakini zilimkuta tayari amedhoofishwa na ugonjwa aliougua mwezi wa Agosti, na ni kosa kuzilaumu peke yake. Fedha alizirudisha, tena kwa wingi, ingawa urithi wake haukupita katika njia ambayo wanunuzi wake waliitazamia. Ama kuhusu kutopatikana mwingine, sababu kubwa iko mashambani, wanakopandishwa farasi, kuliko uwanjani wanakokimbia, na ndiyo maana swali lako la tatu haliwezi kujibiwa kabla ya mawili ya kwanza.

Wewe unayekwenda Ngong unazijua Kenya Guineas, Kenya Derby na Kenya St Leger. Mpangilio huo umeigwa kutoka Uingereza, ambako mbio za 2000 Guineas hukimbiwa Newmarket mwanzoni mwa msimu kwa umbali wa maili moja, yaani takriban mita 1,600. Dabi hukimbiwa Epsom mwezi Juni kwa takriban mita 2,400. Na St Leger hukimbiwa Doncaster mwezi Septemba kwa zaidi kidogo ya mita 2,900. (Dabi hii, iliyoanzishwa mwaka 1780 na kupewa jina la mwinyi mmoja wa Uingereza, ina jina lile lile ambalo mashabiki wa soka kwetu wanalitumia kila Simba na Yanga wanapokutana.) Wanaoruhusiwa ni farasi wa miaka mitatu tu, kwa hiyo kila farasi ana nafasi moja katika maisha yake. Mtu aliyezoea riadha ataelewa ugumu ulivyo: anayeng'ara katika mita 800 si lazima awe na pumzi ya mita 10,000, na mwenye pumzi hiyo mara nyingi hana kasi ya ghafla inayotakiwa katika mbio fupi. Anayezishinda zote tatu huhesabiwa kuwa ametwaa Taji la Mbio Tatu. Wa kwanza alikuwa West Australian mwaka 1853. Kabla ya Nijinsky, wa mwisho alikuwa Bahram mwaka 1935, farasi wa Aga Khan III, yule yule ambaye wazee wa Dar es Salaam walisimulia jinsi alivyopimwa uzito kwa almasi mwaka 1946. Kati ya Bahram na Nijinsky ilipita miaka 35 mitupu.

Nijinsky alizaliwa tarehe 21 Februari 1967 katika shamba la Windfields, jimboni Ontario nchini Kanada, lililokuwa mali ya E. P. Taylor. Baba yake ni Northern Dancer, farasi mfupi, mnene wa kifua, aliyeshinda Dabi ya Kentucky mwaka 1964. Mama yake ni Flaming Page, ambaye mwaka 1962 alishinda Queen's Plate, mbio zinazoheshimiwa kuliko zote nchini Kanada. Kimo alikichukua kwa mama. Alikua akawa mrefu kupita karibu watoto wote wa Northern Dancer wa wakati ule, mwenye mabega mapana na hatua ndefu, na jambo hili la umbo ni la kukumbuka tutakapofika kwenye uzao wake. Alipokuwa na mwaka mmoja, tajiri wa Marekani Charles Engelhard, aliyejipatia mali katika biashara ya madini ya thamani, alimtuma mfunzaji wa Ireland, Vincent O'Brien, aende Windfields kumkagua mtoto wa farasi mwingine kabisa, aliyezaliwa na dume la Kiitalia, Ribot. O'Brien hakuridhika na yule aliyetumwa kumwona, lakini alipopitishwa mazizini jicho lake lilimwangukia mtoto wa Northern Dancer, akamshauri Engelhard amnunue huyo. Mnadani alifikia dola 84,000 za Kanada, bei ambayo mnada wa farasi wachanga nchini humo haukuwa umeifikia kabla ya hapo.

Alipofika Ballydoyle, kwenye mazizi ya O'Brien katika kaunti ya Tipperary, alikataa kula. Farasi wa mbio wa Ireland walilishwa oti, nafaka iliyo jamii ya shayiri, ilhali yeye alikuwa amelelewa kwa chakula cha kiwandani kilichobanwa vipande vidogo vidogo. Ilibidi chakula hicho kiagizwe kutoka Kanada, na kilipowasili alikuwa tayari amesharidhia oti. Naeleza jambo hili dogo kwa sababu linaonyesha tabia yake. Alikuwa farasi mwenye wasiwasi, mwepesi wa kutokwa na jasho, asiyelazimishwa kwa nguvu. O'Brien alitumia subira kubwa kumzoesha, na sifa ya msimu wa 1970 ni ya mfunzaji huyo pia.

Akiwa na miaka miwili alikimbia mara tano na kushinda zote, mara nne katika uwanja wa Curragh na mara ya tano katika Dewhurst Stakes huko Newmarket, Oktoba 1969. Katika mbio za Ireland alipandwa na Liam Ward. Uingereza alipandwa na Lester Piggott.

Msimu wa miaka mitatu ulianza kwa Gladness Stakes huko Curragh, ambazo alizishinda kwa urahisi, kisha tarehe 29 Aprili 1970 akashinda 2000 Guineas akimwacha Yellow God kwa urefu wa farasi wawili na nusu. Hadi hapo hakuna aliyetilia shaka kasi yake. Shaka ilikuwa juu ya pumzi. Watoto wa Northern Dancer walikuwa bado wachache, Nijinsky akiwa wa kundi la pili tu kuzaliwa, na wengi waliamini kwamba damu hiyo haitavuka mita 2,000 dhidi ya wapinzani wa daraja la juu. Tena Ufaransa ilikuwa imemleta Gyr, mtoto wa Sea-Bird, farasi ambaye mfunzaji wake, Etienne Pollet, aliahirisha kustaafu kwa ajili yake. Ndiyo maana Epsom ilikuwa mara pekee katika maisha ya Nijinsky ambapo wapokeaji wa dau walimtolea malipo makubwa kuliko kiasi cha dau lenyewe.

Siku moja kabla ya Dabi akapatwa na msokoto wa tumbo. Anayefuga farasi anajua kitisho cha maneno hayo, kwa kuwa farasi hawezi kutapika, na tumbo lililojaa hewa au kujisokota linaweza kumwua ndani ya saa chache. Madaktari waliitwa, lakini dawa yoyote ya kawaida ingeonekana katika vipimo na kumwondoa katika mbio. Wakakaa kumwangalia kwa hofu hadi maumivu yalipopungua yenyewe. Keshoye, tarehe 3 Juni, farasi huyo huyo aliingia uwanjani, akakaa nyuma ya wale waliokuwa wakiongoza, na zilipobaki mita mia chache Piggott alipomtaka aongeze mwendo alimpita Gyr na Stintino kana kwamba hawakuwa wakipiga shoti, akamaliza mbele kwa urefu wa farasi wawili na nusu. Muda ulikuwa dakika 2 na sekunde 34.68, mzuri kuliko wote uliokuwa umepatikana katika Dabi ya Epsom tangu Mahmoud mwaka 1936. Nimeitazama picha ya mbio hizo mara nyingi, na kinachonishangaza kila mara ni jinsi kichwa cha mpandaji kilivyotulia.

Dabi ya Ireland ilifuata mwishoni mwa Juni, Ward akiwa mgongoni, na Meadowville akaachwa kwa urefu wa farasi watatu. Lakini kama ungeniuliza ni siku ipi moja ninayoichagua kumpima Nijinsky, ningetaja tarehe 25 Julai huko Ascot, katika King George VI and Queen Elizabeth Stakes. Hizi si mbio za umri mmoja. Farasi wa miaka mitatu hukutana na waliomzidi umri, na mbele yake siku hiyo alikuwepo Blakeney, mshindi wa Dabi ya mwaka uliotangulia. Nijinsky alimshinda kwa urefu wa farasi wawili, naye Piggott alikuwa ameshika hatamu kwa kumzuia, hakumhimiza hata kidogo. Hapo ndipo kilele cha farasi huyu kilipo. Shirika la Timeform, ambalo hupima uwezo wa farasi kwa alama, lilimpa mwisho wa mwaka alama 138, kiwango kinachofikiwa na wachache mno.

Sasa tufike kwenye Agosti. Baada ya Ascot alishikwa na choa, ugonjwa wa ngozi wa kuambukiza ambao kwa binadamu tunauona kama jambo dogo, ila kwa farasi wa mbio ni balaa kwa sababu matandiko hayawezi kufungwa juu ya ngozi iliyochubuka. Manyoya yalimtoka kwa wingi na kwa muda hakuweza kufanya mazoezi ipasavyo. Mpango wa O'Brien ulikuwa kumwandaa polepole kwa ajili ya Prix de l'Arc de Triomphe, mbio kuu za Ulaya zinazokimbiwa Longchamp, Paris, mwanzoni mwa Oktoba. St Leger hazikuwa katika hesabu zake za awali. Engelhard ndiye aliyezitaka. Alizipenda mno mbio hizo: farasi wake Indiana alizishinda mwaka 1964, Ribocco mwaka 1967 na Ribero mwaka 1968, na sasa alikuwa na farasi anayeweza kumpa jambo ambalo hakuna aliyelipata tangu 1935. Engelhard alikuwa mgonjwa, na alifariki Machi 1971. Siwezi kumlaumu mtu kwa kutaka jambo hilo, wala sioni kwamba mfunzaji angeweza kumkatalia kwa urahisi.

Tarehe 12 Septemba Nijinsky alishinda St Leger huko Doncaster. Meadowville, aliyeachwa kwa urefu wa farasi watatu Ireland, safari hii aliachwa kwa mmoja. Watazamaji waliona ushindi mwepesi, kwa kuwa Piggott hakumsukuma, lakini mpandaji huyo huyo alieleza baadaye kwamba hapakuwa na akiba kubwa iliyobaki chini yake. Farasi alirudi nyumbani akiwa amepungua uzito kuliko kawaida. Kutoka siku hiyo hadi Arc zilikuwa zimesalia siku 22 tu.

Longchamp, tarehe 4 Oktoba, alizongwa na wapiga picha kabla ya mbio hadi akaloa jasho. Piggott alimweka nyuma sana, akalazimika kuzunguka upande wa nje ili apate nafasi, na alipoanza kuwafuata waliotangulia, Sassafras, mshindi wa Prix du Jockey Club, yaani Dabi ya Ufaransa, aliyepandwa na Yves Saint-Martin, alikuwa ameshika uongozi. Nijinsky alimfikia. Hatua chache kabla ya mwisho Piggott alimchapa mjeledi, na farasi ambaye hakuwa amezoea kuchapwa akayumba kuelekea kushoto. Alishindwa kwa kichwa tu.

Lawama zote zilimwangukia Piggott, na O'Brien naye aliona kwamba farasi aliachiwa kazi kubwa mno ya kuwafikia walio mbele. Kwa maoni yangu hoja hiyo ni ya kweli lakini haitoshi. Nijinsky wa Ascot angeanzia pale pale nyuma na bado angeshinda, kwa sababu silaha yake ilikuwa ni ile kasi ya ghafla ambayo wapinzani hawakuwa na jibu lake. Longchamp kasi hiyo ilikuja, ila ilikatika ndani ya mita za mwisho, na kukatika huko ni dalili ya mwili uliochoka zaidi kuliko ya mbinu mbovu. Ushahidi wa pili ulikuja baada ya siku 13. Ili farasi astaafu kwa ushindi, alipelekwa Newmarket tarehe 17 Oktoba katika Champion Stakes, mbio za takriban mita 2,000 dhidi ya wapinzani ambao mwezi Julai wasingemsumbua. Alitetemeka na kutoka jasho kabla hata ya kuanza, akamaliza wa pili nyuma ya Lorenzaccio. Hapo hapakuwa na mpandaji wa kulaumiwa. Huo ndio uamuzi wa pekee katika msimu ule ambao naona haukupaswa kufanywa: farasi alikuwa ameshasema kwa mwili wake mzima kwamba basi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiniuliza kama St Leger zilimvunja, nakujibu kwamba farasi mzima aliyefanya mazoezi yake yote ya Agosti angeweza kuzishinda na bado akashinda Arc. Choa ilikula wiki zake za maandalizi, na mbio za mita 2,900 zikachukua kutoka mwilini kile ambacho maandalizi hayakuwa yamekiweka. Alistaafu akiwa ameshinda mara 11 kati ya 13.

Tukija kwenye fedha, yafaa kwanza nieleze jinsi biashara hii inavyoendeshwa, maana inatofautiana na ufugaji wa ng'ombe tunaoujua. Mfugaji wa maziwa wa Kiambu au Kilimanjaro anaweza kutumia uhimilishaji, akapata mbegu ya dume aliye ng'ambo bila dume huyo kusogea. Kwa farasi wa mbio wa nasaba iliyosajiliwa, wanaoitwa thorobredi, njia hiyo imepigwa marufuku kabisa: mtoto hawezi kusajiliwa isipokuwa dume amempanda jike ana kwa ana. Mimba huchukua miezi 11 na majira ya kupandisha ni ya miezi michache tu, hivyo idadi ya majike kwa mwaka ina kikomo, na katika miaka ya 1970 kikomo hicho kilikuwa kidogo, kiasi cha majike arobaini hivi kwa dume. Ndipo ulipozuka utaratibu wa hisa. Dume hugawanywa katika hisa, na mwenye hisa moja hupata haki ya kupeleka jike mmoja kila mwaka kwa muda wote dume anapokuwa kazini, au kuiuza nafasi hiyo kwa mwingine. Nijinsky aligawanywa katika hisa 32, kila moja kwa dola 170,000 za Marekani, jumla dola milioni 5.44. Hiyo ni zaidi ya mara sitini ya bei ya mnadani miaka miwili iliyotangulia. Alipelekwa shamba la Claiborne, karibu na mji wa Paris katika jimbo la Kentucky, ambako miaka mitatu baadaye Secretariat, farasi mashuhuri wa Marekani, naye aliletwa.

Mapato ya kazi hiyo hayakukawia. Katika kundi la kwanza la watoto wake alikuwemo Green Dancer, aliyeshinda Poule d'Essai des Poulains ya Ufaransa mwaka 1975, na wakafuata Ile de Bourbon, mshindi wa King George mwaka 1978, na Kings Lake, mshindi wa 2000 Guineas ya Ireland mwaka 1981. Mwaka 1982 Golden Fleece, aliyefunzwa na O'Brien yule yule katika mazizi yale yale, alishinda Dabi ya Epsom bila ya kuwahi kushindwa maishani mwake, na mwaka uliofuata Caerleon, pia wa O'Brien, akashinda Prix du Jockey Club. Watoto wake walioshinda mbio za daraja la juu walifikia 155, jumla ambayo hakuna dume aliyeitimiza kwa bahati.

Mwaka wake mkubwa kuliko yote ulikuwa 1986. Mwezi Mei, mwanawe Ferdinand alishinda Dabi ya Kentucky, na mwezi Juni mwanawe mwingine, Shahrastani, akashinda Dabi ya Epsom kwa nusu urefu mbele ya Dancing Brave. Hakuna dume mwingine aliyewahi kuzaa washindi wa dabi hizo mbili katika mwaka mmoja. Shahrastani alikuwa wa Aga Khan IV, ambaye wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam wanamfahamu zaidi kwa hospitali na shule. Mwaka huo Nijinsky aliongoza orodha ya madume ya Uingereza na Ireland, ambayo huwapanga kwa fedha wanazoshinda watoto wao, ingawa alikuwa akiishi Marekani, ng'ambo ya Atlantiki. Habari ya Ferdinand inaumiza kuisimulia, lakini siwezi kuiruka: alikuwa Farasi wa Mwaka wa Marekani mwaka 1987, akauzwa Japani mwaka 1994 kwenda kuzalisha, na mwaka 2003 ikaripotiwa kwamba alikuwa amechinjwa huko mwaka mmoja nyuma, baada ya wafugaji kuacha kumtaka. Kifo hicho ndicho kilichowafanya wamiliki wengi wa Marekani waanze kuweka masharti ya kurudishiwa farasi wao wazee.

Bei za mnadani nazo zinatoa jibu la swali lako. Julai 1985, huko Keeneland, mtoto wa Nijinsky wa mwaka mmoja ambaye hajawahi kuvishwa matandiko, baadaye akaitwa Seattle Dancer, aliuzwa dola milioni 13.1 kwa kundi la Robert Sangster na O'Brien. Mtoto mmoja alizidi mara mbili thamani iliyowekwa juu ya baba yake. Mbio zake hazikufikia kimo cha bei hiyo, na wala simtumii kama kipimo cha ubora. Namtaja ili uone jinsi soko lilivyoiamini damu ile. Imani hiyo ilianzia Epsom 1970. Kabla ya hapo wafugaji wa Ulaya walimtazama Northern Dancer kama dume wa Kanada wa mbio fupi. Nijinsky ndiye aliyewaonyesha kwamba damu hiyo inaweza kukimbia mita 2,400 na zaidi, nao wakavuka Atlantiki kuwagombania ndugu zake wa baba.

Miongoni mwa wanawe kuna mmoja ambaye kila nikimkumbuka nafurahi. Royal Academy alikuwa wa O'Brien, aliyekuwa sasa mzee. Tarehe 27 Oktoba 1990, katika Breeders' Cup Mile huko Belmont Park, New York, alipandwa na Lester Piggott, ambaye alikuwa amestaafu tangu 1985, akarudi kwenye mbio siku 12 tu kabla ya siku hiyo, na alikuwa anakaribia kutimiza miaka 55. Farasi alijikwaa kwenye kona, akaachwa nyuma, na katika mita za mwisho akampita aliyekuwa akiongoza. Mfunzaji, mpandaji na damu ni vile vile vya Epsom, miaka 20 baadaye.

Nijinsky alikufa Claiborne tarehe 15 Aprili 1992 akiwa na miaka 25, baada ya kusumbuliwa miaka kadhaa na uvimbe wa ndani ya kwato, na amezikwa hapo hapo. Miezi miwili kabla ya kifo chake alikuwa amezaliwa mwanawe Lammtarra, farasi wa Saeed bin Maktoum Al Maktoum wa Dubai, ambaye alipitisha majira ya baridi katika joto la Ghuba na kupelekwa Epsom mwaka 1995 bila kuwa amekimbia hata mara moja msimu huo. Alishinda Dabi kwa rekodi mpya ya dakika 2 na sekunde 32.31, akashinda King George, na mwezi Oktoba akashinda zile Arc ambazo baba yake alizikosa kwa kichwa miaka 25 nyuma. Alikimbia mara nne tu maishani, akashinda zote nne.

Pamoja na hayo yote, mfuatiliaji wa nasaba hapaswi kuficha upungufu. Madume wengi waliozaliwa na Nijinsky walizaa vizuri bila kujenga ukoo wa kudumu kama ule wa Sadler's Wells au Danzig, wana wengine wa Northern Dancer. Golden Fleece alikufa mwaka 1984, kabla hajathibitika. Lammtarra aliuzwa Japani kwa dola milioni 30 na hakufanikiwa kama dume. Caerleon ndiye aliyefanya vyema kuliko wote, akaongoza orodha ya madume ya Uingereza na Ireland mwaka 1988 na 1991 na kumzaa Generous, mshindi wa Dabi. Nadhani lile umbo kubwa alilolirithi kwa Flaming Page lina sehemu yake hapa: wanawe wengi walikuwa warefu, waliochelewa kukomaa, wakati soko la wafugaji lilikuwa likigeukia farasi wa kukomaa mapema. Nguvu yake ilipita zaidi kwa mabinti. Aliongoza orodha ya Marekani ya mababu wa upande wa mama mwaka 1993 na 1994, na Fantastic Light, aliyemshinda Galileo katika Irish Champion Stakes mwaka 2001, alizaliwa na binti wa Nijinsky. Huko Japani, mwanawe Maruzensky, aliyeingia nchini humo akiwa bado tumboni mwa mama yake, alishinda mbio zake zote nane na kuacha damu inayoonekana hadi leo. Na ukoo wa kiume haukukatika kabisa: Royal Academy alimzaa Bel Esprit, naye Bel Esprit akamzaa Black Caviar wa Australia, jike aliyekimbia mbio fupi mara 25 na kushinda mara 25. Kwamba kitukuu wa mshindi wa St Leger awe bingwa wa mbio fupi ni jambo ambalo hakuna mnunuzi wa hisa za 1970 aliyelipigia hesabu.

Limebaki swali lako la mwisho. Dume hulipwa kwa kile ambacho wafugaji wanadhani watoto wake watakuwa, na wafugaji wa leo wanataka kasi ya mita 1,600 hadi 2,000. Mwenye farasi aliyeshinda Guineas na Dabi tayari ana mali kubwa mkononi. Akimpeleka Doncaster na kushinda, wengi watamwita farasi wa pumzi asiye na kasi, na akishindwa, jina litashuka. Juu ya hilo kuna kumbukumbu ya Longchamp 1970, ambayo hutajwa kila mara mmiliki anapofikiria kupita Doncaster akiwa njiani kwenda Arc. Basi wengi hawathubutu hata kujaribu. Tangu Nijinsky, mshindi mmoja tu wa Guineas na Dabi amepelekwa St Leger. Ni Camelot, mwaka 2012, akitokea Ballydoyle ile ile, ambayo sasa iko chini ya Aidan O'Brien, mfunzaji asiye na undugu na Vincent. Uwanja ulijaa watu waliotaka kuona taji likitwaliwa tena. Camelot alichelewa kupata nafasi kwenye mstari wa mwisho, akaanza kumkimbilia Encke, na akamaliza wa pili kwa chini ya urefu wa farasi mmoja.